Sauti Yangu Kwenye Tangazo la Dawa

Mimi ni bibi wa Uru, huku Uchaggani, niliyezoea kuwasema wenzangu, lakini leo najisema mwenyewe.

Kisukari kilipoanza kunikojoza kitandani, lawama nilimtupia Neema, mjukuu ninayelala naye. Kila asubuhi nikianika godoro nafoka, "Huyu mtoto ataliozesha!" Naye anainamisha kichwa.

Kampuni moja ya dawa ikanipata kwenye simu, ikaniomba nieleze ugonjwa wangu kwa sauti. "Ni siri, bibi," wakaniandikia. Wakaleta na maandishi marefu ya kukubali. Kusoma kwangu ni kwa kuungaunga, nikabonyeza tu. Nikawamwagia yote, hata habari ya kumsingizia mtoto.

Jumapili baada ya ibada, ukoo mzima ulikuwa kwangu ukinywa mtori, supu yetu ya ndizi. Mama Neema akafungua simu, likaja tangazo la dawa. Sauti ilikuwa yangu, na lafudhi yangu ya Kichagga ikisikika ndani: "Nalowesha kitanda, halafu namsingizia mjukuu."

Neema akaweka bakuli chini, akaniangalia.

"Kumbe siyo mimi, Bibi?"