Lango la Ng'ombe wa Grade

Hapo juu ya Elburgon, kwa shamba ya mzungu tuliyoishi miaka ya hamsini, ng'ombe mmoja wa grade, wale wa kizungu wa maziwa, alizaa ndama mwenye nundu. Woi! Kambi nzima ya wafanyakazi tulicheka tukashika mbavu. Lakini kicheko kikaisha haraka. Ng'ombe wa bwana hawakuwa na nundu, na fahali mwenye nundu hapo alikuwa mmoja tu, wa baba mkwe wangu. Fahali ya mfanyakazi ikipanda ng'ombe ya bwana, mwenyewe anafukuzwa na nyumba yake yote.

Nyapara aliyetusimamia akaja kwangu akitabasamu. Huyo hakuwa mtu wa kutabasamu, nikajua kuna kitu.

"Mama, wewe ulijifunza kuandika kanisani. Bwana anataka hiyo habari kwa karatasi."

Nikaandika vile alisema: lango lilipatikana wazi, fahali akaingia, ng'ombe akapandwa. Akaenda kunywa chai. Mimi nikabaki nikisoma polepole na kidole, na roho ikakataa. Lango lina mikono? Hapo kwa karatasi mwenye makosa alikuwa fahali peke yake! Hata leo nikiandikia wajukuu, mstari ambao kitu kimefanyika na mtu hayuko, huo nauangalia mara mbili.

Na mtu alikuwako. Asubuhi ile ya fahali kuingia, miezi tisa nyuma, nilikuwa naenda kuchuma maua ya pareto, nikamwona nyapara akitoka kunywa pombe ya busaa, anaimba, akapita langoni akaliacha wazi.

Nikafuta yote. Nikaandika: "Nyapara alifungua lango. Nyapara hakulifunga. Fahali akaingia."

Nyapara aliporudi akageuza karatasi huku na huku. Kusoma hakujua.

"Mbona imekuwa fupi?"

"Nimetoa ya bure, mzee."

Akanishuku. "Twende wote. Utaisoma mbele ya bwana, nisikie."

Nikaisoma. Nyapara akaruka: "Bwana, huyu mama hajui kuandika!"

"Wewe nasema jana yeye najua," bwana akamjibu kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Sasa sema. Nani naacha lango?"

Nyapara akavua kofia, akakubali ni yeye.

Hatukufukuzwa. Lakini bwana akasema fahali ahasiwe, na nyapara ndiye amshike miguu ya nyuma, ile ya mateke. Baba mkwe alisikitikia fahali wake, kweli, ila siku hiyo alibeba stuli yake mwenyewe akaketi karibu kabisa.