Mama Alipopanda Jukwaani

Miaka nenda miaka rudi, mama yangu alinipigia simu kutoka Mgeta, kwetu milimani, kila Jumapili akaniuliza swali lilelile: "Mwanangu, kazi utaanza lini?" Wakati huo nilikuwa nimeshapiga piano kwenye kumbi za Ulaya ambazo watu huvaa suti kuingia. Nalipwa, nalipa kodi, naumwa mgongo. Namweleza yote hayo. Ananisikiliza vizuri kabisa, kisha ananiambia nizidi kumwomba Mungu, kazi itapatikana tu. Nilikuwa nakata simu nimenuna kama mtoto.

Siyo kwamba muziki hakuujua. Yeye ndiye aliyenipeleka kanisani nikiwa na miaka sita, na huko nikakisikia kinanda cha kukanyaga, kikubwa kama kabati, kikipigwa na sista mmoja mzee. Nilisimama mdomo wazi. Watu wote walipiga magoti, mimi nimesimama, mpaka mama akanivuta gauni. Hadi leo sina maneno ya kueleza kilichonipata. Naweza kusema tu kwamba niliogopa, na sikutaka kiishe. Sista akanifundisha, wengine wakanifundisha zaidi, nikaondoka. Mama akabaki na shamba lake la karoti kwenye mteremko ambao mgeni huushuka kwa makalio. Kwake kazi ilikuwa ile: unachoka, jasho linakutoka, na watu wanakuona. Mtu aliyekaa kitini mbele ya kinanda alikuwa amepumzika.

Mwaka juzi nikaamua nipige Morogoro mjini, aje anione kwa macho yake. Sitaficha, onyesho lile lilikuwa la mama peke yake, hao wengine walikuwa wa kujaza viti tu. Piano ilikodiwa Dar ikaletwa kwa lori, na fundi akahangaika nayo kutwa nzima kuirudishia sauti. Mimi nina hasira za karibu. Niliwahi kusimamisha onyesho ughaibuni kwa sababu bwana mmoja alikuwa akifungua karatasi ya pipi. Kwa hiyo nikamwagiza mshereheshaji atangaze mara tatu: simu zizimwe, mtu asinyanyuke, asipige makofi mpaka mimi nisimame. Alitangaza kwa mbwembwe za harusini, lakini alitangaza.

Mama alishuka na wanawake saba wa jumuiya yake kwenye lori la mboga. Walivaa sare za vitenge, khanga mabegani, wakakaa mstari wa mbele.

Nikapiga. Kipande cha kwanza kikapita, ukumbi kimya kama nilivyoagiza, na ukimya wenyewe ukanitisha. Nilimwona mama kwa jicho la pembeni: ameshika mkoba wake, uso hauonyeshi kitu. Nikajiambia, basi, ameniona nimekaa kitini.

Kipande cha pili ni kirefu, na kina mahali ambapo mikono yote miwili inakimbia bila kupata pa kupumulia. Joto la Morogoro mnalijua. Jasho likanishuka kwenye nyusi, likaingia machoni, likaanza kudondoka juu ya vibao vya piano. Hapo nikasikia kandambili zikipanda ngazi za jukwaa.

Nilijua ni nani bila kugeuka. Kule kwetu mpiga ngoma akilowa jasho, haachwi hivyo mpaka amalize. Mwanamke anainuka, anamfuta uso kwa khanga yake, anarudi mahali pake akicheza. Ni heshima, na haitolewi ovyo; anayepiga kwa kulegea anaachwa na jasho lake. Mshereheshaji hakuwa wa milimani. Alimkimbilia akinong'ona, "Shikamoo mama, samahani, huku hairuhusiwi." Mama hajawahi kunong'ona maishani mwake. Akamjibu kwa sauti ya kuitana shamba kwa shamba, ukumbi mzima ukasikia:

"Hebu nipishe, baba. Humwoni mtoto anavyofanya kazi?"

Khanga ikanifunika uso wote. Ilinukia moshi na sabuni ya kufulia. Sikuona kibao hata kimoja, na vidole vikaendelea kukimbia, sijui kwa nguvu za nani. Wale wanawake saba wakapiga vigelegele, ukumbi ukawapokea, na amri zangu zote zikaishia hapo. Nilikosea mara tatu, pengine nne. Nimepiga mbele ya watu wakubwa, lakini sijawahi kufurahi na kuogopa kwa pamoja kama pale.

Mama alinifuta paji la uso, kisha mashavu, ambayo kufikia hapo hayakuwa na jasho peke yake. Hakurudi kukaa. Alisimama kando ya kiti changu, khanga mkononi, akisubiri jasho lingine litoke, mpaka nikamaliza.