Disk yenye sauti ya babu iligoma, nikaiweka kwenye friza la senene

Habari za muda huu wakuu.

Nasimulia kama ilivyotokea, pamoja na sehemu zinazonitia aibu, maana hizo ndizo zenye faida.

Naishi kwa shangazi, Hamugembe, hapa Bukoba. Mambo ya kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa kusoma nyuzi kama hizi na kuharibu vitu vyangu. Na nina ugonjwa mmoja: nikiona file moja limekaa sehemu mbili nakosa amani. Nafuta moja.

Shikeni hapo.

Kabla babu hajafariki nilimfuata Muleba, nikamrekodi akizunguka kibanja chake cha migomba na kahawa, dakika kumi na nne. Alionyesha sehemu ya baba, sehemu ya baba mdogo, na makaburi ya wazee. Babu hakuandika chochote. Ile video ndiyo ilikuwa maandishi yake.

Nikaihamishia kwenye external hard disk, nikaipa folder lake safi, nikaifuta kwenye simu.

Copy moja tu. Nilijiona nimepangilia maisha.

Jumapili moja baba akapiga. "Jumamosi ukoo unakaa kugawa kibanja. Ile video ipo?"

"Ipo, tata," nikamjibu baba.

Nikachomeka disk. Ka. Ka. Ka. Laptop haikuona kitu.

Kusema kweli sikudanganya. Ilikuwepo, ndani ya chuma kinachogonga.

Fundi mmoja mjini aliisikiliza, akasema, "Kijana, usiiwashe tena hii. Wa kuifungua wako Dar." Ushauri mzuri wakuu, ufuateni. Mimi nilikuwa na siku sita.

Nikaingia mtandaoni. Kuna mbinu ya zamani: ukiigandisha disk, vyuma husinyaa kidogo na huenda ikasoma kwa dakika chache. Nakiri, pamoja na hofu yote, nilitaka tu kuona kama ni kweli.

Sasa huu ulikuwa msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, na friza la shangazi lilikuwa limejaa. Nikaivalisha disk mfuko wa zipu, nikatoa hewa, nikakagua mara nne, nikaisukumia kwenye kona.

Asubuhi naikuta uchi, imelala juu ya senene, imeota barafu kama ndevu.

"Shangazi, mfuko uko wapi?"

"Ule mzuri? Nimewatia humo senene wa binti yangu. Wanapanda basi leo kwenda Dar."

"Humo mlikuwa na sauti ya babu!"

"Waitu! Babu yako alikuwa anakula senene, hakuwa analala nao. Nani anaweka chuma kwenye chakula cha watu?"

Nikaichukua disk, nikaondoka nayo.

Nikaikausha siku mbili. Jumatano nikaichomeka, bado inagonga. Kwa hiyo kuhusu friza, kwangu haikusaidia chochote.

Nikaanza kujaribu kitu kimoja kimoja na kuandika kwenye daftari: waya mwingine, port nyingine, imelala, imepinduliwa. Nilipoisimamisha kwa ubavu, ikagonga mara mbili, ikanyamaza, ikazunguka.

Nikawasha Linux ya kwenye flash, nikatumia ddrescue. Hii inakopi disk nzima kidogo kidogo. Ikikuta sehemu mbovu inairuka, inairudia baadaye. Nikamwomba shangazi apite taratibu, meza isitikisike.

"Ninyate nyumbani kwangu?" akasema. Lakini alivua kandambili.

Ijumaa mchana disk ikafa kabisa. Video nilikuwa nimeshaipata, ila picha ilikuwa mabaka ya kijivu mwanzo mwisho. Sauti ilikuwa safi, isipokuwa dakika moja karibu na mwisho.

(Nilisoma baadaye: kwenye video, picha nyingi hujengwa juu ya zilizotangulia, ikiharibika moja zinazofuata zinachafuka. Sauti haina utegemezi mkubwa hivyo.)

Jumamosi, Muleba, nikakiri yote mbele ya ukoo. Baba akasema, "Na ulisema ipo."

Baba mdogo akasema, "Sauti si ni ya mzee? Washa."

Tukaingia kibanjani tukifuata sauti. Babu anasema, "Hapa kwenye mbuni uliopinda," tunautafuta, tunaukuta. Hatua zake zinasikika kwenye majani makavu ya migomba. Kila tukimwacha nyuma, baba anasema, "Msubirini mzee."

Kwenye kona ya mwisho, sauti ikakatika. Ndipo mpaka wa baba na baba mdogo unapoishia.

"Ni pale," akasema baba mdogo.

"Ni huku," akasema baba.

Tofauti ni kama hatua tano. Baba akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Alisimama wapi?"

Wakuu, nilikuwa nimekodolea screen, nahakikisha picha haipindi. Babu mwenyewe sikumwangalia.

"Sijui, tata."

Kisha baba mdogo akakata tawi la omulamula, mmea wetu wa mipaka, akalichomeka katikati ya pale na huku. Baba akashindilia udongo kwa kisigino.

Sasa hivi ile sauti iko kwangu, kwa baba na kwa baba mdogo. Copy tatu, na nimezoea.

Wajuzi, nielezeni: kwa nini disk ilikubali kusoma ikiwa imesimama kwa ubavu? Nimesoma nadharia tatu na zote zinapingana.

Na kama una mzee unayetaka kumrekodi, egesha simu mahali, umwangalie yeye.