Filme ya Upanga Tuliyoipenda Kadutu

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumapili. Tumetoka misa, na kaka yangu Murhula ananivuta mkono niende naye kwenye ukumbi wa video. Nilikuwa msichana wa kuolewa tayari, nguo ya misa bado mwilini, na sikutaka kuichafua kwenye mabenchi yale. Lakini tonton Bisimwa, mdogo wa papa yetu, akasema na yeye anakuja, anataka kuiona hiyo filme inayofanya vijana wa Kadutu, mtaa wetu hapa Bukavu, watembee wamevimbisha vifua. Basi nikaenda.

Kaa vizuri. Siku hizi pumzi yangu ni fupi na sisimulii haraka.

Tonton ndiye aliyekuwa anatulea, kwa sababu papa aliuawa mwanzoni mwa vita, siku watu walipokimbia mji. Tulikuwa tunapanda mlima katikati ya umati, milio ya risasi nyuma yetu, halafu papa akakaa chini kando ya njia kama mtu anayetaka kufunga kiatu. Hakuinuka tena. Nani alipiga? Hatujui mpaka leo. Tulimzika palepale kwa jembe la kuazima na tukaendelea kutembea. Tuliporudi mjini tukakuta askari wengine, na baada ya hao wakaja wengine tena, kila kundi na lugha yake na bendera yake. Wazee husema vita haina macho. Mimi naongeza kwamba haina hata sura. Murhula aliitafuta sura hiyo katika kila askari aliyepita barabarani, na kutafuta huko kulimla mwili. Alikonda mpaka mashavu yakabonyea.

Sasa filme yenyewe. Ilionyeshwa katika chumba cha mbao, televisheni moja mbele, mashine ya umeme ikinguruma nje, na mwanaume mmoja amesimama kando ya kioo anatufasiria kwa Kiswahili chetu. Ilikuwa habari ya mtu mwenye upanga, kifua wazi, misuli kama mizizi ya mti. Mchawi mmoja amegeuza watu wote wa kijiji chake kuwa mawe. Mama yake jiwe, dada yake jiwe na mtungi kichwani. Basi yule mtu anavuka jangwa, anapigana na wanyama wasio na jina, anapanda mnara, na mishale inayomjia anaipangusa kama mvua. Mwisho anamkata mchawi kichwa. Moshi unatoka shingoni, na askari wote wa mchawi wanaangusha mikuki wakishangaa, kama watu walioamshwa usingizini.

Halafu mawe yanaanza kupumua.

Nataka unielewe hapa, mwanangu, maana vijana wa leo mnafikiri tulipenda filme ile kwa sababu ya damu. Wakati wa mapigano ukumbi ulijaa kelele na vumbi la miguu. Lakini dada yule wa jiwe alipopepesa macho na kushusha mtungi wake, watu walinyamaza. Hata mfasiri alinyamaza. Mama aliyekaa mbele yangu alijifunika kitenge usoni. Hakukuwa na mtu ndani ya chumba kile asiyekuwa na jiwe lake mahali fulani. Na mimi nililia, sikufichi. Ilikuwa tamu kuona ubaya wote umekaa katika kichwa kimoja, na kichwa hicho kinakatika, na waliopotea wanarudi. Mwenye njaa huota wali, na sisi tulikuwa na njaa ya jambo hilo moja.

Tulipotoka tulipanda mlima wa kurudi nyumbani. Murhula ndiye aliyeanza. Rafiki yake Bahati alikuwa naye, kijana mpole wa jirani, mtoto wa pekee wa mama yake, mtu wa kufuata.

"Tonton," Murhula akasema, "kule ku milima iko batu banapigana. Iko muzee mumoja anabanyunyizia maji, na risasi inageuka maji. Mimi na Bahati tunataka kwenda."

Nilisimama. Nilidhani tonton atapiga kelele, au atamshika shati. Yeye aliendelea kupanda taratibu, mikono nyuma, mpaka tukafika mahali pa kupumzika, penye jiwe la kukalia, ziwa linaonekana chini. Akakaa.

"Na mimi balininyunyizia hiyo maji," akasema. "Wakati nilikuwa kijana kama weye, mu vita ya zamani."

Hatukuwahi kusikia habari hiyo. Hata maman hakuijua.

"Na risasi?" Bahati akauliza.

"Ilinipita pembeni. Ikakuta benzangu. Na bo balinyunyiziwa, siku moja na mimi, maji ya ndoo moja." Akavuta pumzi. "Halafu muzee wa maji akatuambia bale balikufa balivunja muiko. Mumoja alikuwa ndugu yangu. Nilikuwa naye asubuyi yote. Hakuvunja kitu."

Murhula akasema, "Kumbe filme haikukupendeza."

"Ilinipendeza sana. Ule mwanaume ana moyo, na mi najua batu ba vile biko. Bachawi nao biko. Fasi moja tu mu filme ilinidanganya. Yale mawe." Akamtazama kaka yangu, na sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa imechoka, kama yangu leo. "Papa yako ataamuka, Murhula? Ukate kichwa cha nani ndipo aamuke?"

 Kaka yangu aliinua uso, akatazama ziwa. Hilo ndilo lilikuwa karipio lote, mwanangu. Tonton hakusema zaidi. Labda alijua kwamba maneno hayafungi mtu miguu.

Wiki ile ile waliondoka. Asubuhi nilikuta mkeka wa Murhula umekunjwa, na panga la kukatia nyasi halipo. Mama Bahati alikuja akakaa mlangoni kwetu, hakulia, akauliza tu kama mwanawe alichukua koti. 

Miezi ikapita. Habari zilikuja na wafanyabiashara wa soko la Minova, kila mmoja na yake, na nyingi zilikuwa za uongo. Mwishowe mfanyabiashara mmoja akatuletea ya kweli: Murhula yuko Katana, kando ya ziwa, katika hospitali ya misioni, ana jeraha la mguu. Barabara ilikuwa na vizuizi vya askari, kwa hiyo mimi na tonton tukapanda mtumbwi wa mota, pamoja na mihogo na kuku wa watu.  Njia nzima tonton alishika kikapu cha chakula mapajani kama mtu anayebeba mtoto.

Tulimkuta kaka yangu kitandani kando ya ukuta, mguu umefungwa mpaka pajani. Alipomwona tonton alifumba macho, akingoja. Na mimi nilikuwa nangoja. Watu wote waliotutembelea baadaye walisema ile methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kila mara niliisikia kama chumvi kwenye kidonda. Tonton hakuisema hata siku moja. Alifungua kikapu.

"Umekula?" akauliza.

Hapo Murhula akalia. Akala akilia, na tonton akamshikia sahani.

Baadaye, alipoweza kusema, alitueleza. Walinyunyiziwa maji, wakafundishwa nyimbo. Siku ya mapigano walikimbia kushuka kwenye shamba la migomba, na Bahati alikuwa mbele yake. Alipigwa kifuani. Aligeuka kumtazama Murhula, na usoni hakuwa na maumivu, alikuwa na mshangao tu. Akaanguka palepale, na Murhula akamruka, akaendelea, kwa sababu alitaka kumfikia aliyepiga. Alitaka kumwona.

"Na ulimuona?" nikauliza.

"Nilimuona. Alikuwa nyuma ya mugomba, bunduki yake imekwama. Kijana, mudogo kuliko miye. Alikuwa anakohoa, dada Nabintu. Ile kikohozi ya baridi ya kulala inje." Akajifuta uso. "Nilikuwa na panga mu mukono. Niliangalia, niliangalia. Sikuona muchawi."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama. Mwingine akanipiga mu mguu."

Tulirudi naye Bukavu alipoweza kusafiri. Mguu haukunyooka tena. Nilifikiri atajificha ndani, lakini siku ya pili aliomba fimbo, akashuka peke yake mpaka kwa mama Bahati. Nilimfuata kwa mbali, nikamwona amesimama mlangoni muda mrefu kabla ya kubisha. Waliyosemezana siyajui. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa anamchotea maji. Unaijua Kadutu, unajua mteremko wake na bomba lilipo. Alipanda na bidoni la maji, mguu ule unaburuta, mvua au jua, mpaka mama yule alipofariki, mzee sana, na Murhula ndiye aliyemfumba macho.

Mwanangu, nasikia na ninyi mnaitwa milimani tena. Nimeziona hizo filme kwenye telefone zenu, watu wa panga na wachawi wa moshi, na sitakuambia uache kuzitazama. Mimi mwenyewe nikikuta moja naketi, naangalia mpaka mwisho. Kupenda ujasiri si dhambi. Lakini atakayekuambia kwamba ubaya wetu wote una kichwa kimoja, na kwamba wewe ndiwe utakayekikata, muulize yeye amezika wangapi. Na ukimwona kijana mwenzako upande wa pili, mtazame uso kabla ya kuinua mkono. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wahenga, na mimi nimechoka kupeleka dawa kwenye masikio. Lakini nimekuambia, maana wewe bado uko hapa unanisikiliza. Waliokufa hatuwezi kuwaamsha. Mama zao tunaweza kuwachotea maji.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mungu wa baba zako akufiche mikononi mwake, akupe kazi ya kuchosha mikono yako na si moyo wako, na siku moja uzikwe na watoto wako, usizikwe na mama yako.