Kiitikio cha Kwenye Sinki

Mtu akikuambia "sikutaja jina lako," jua amekutaja. Sisi wa Tanga tunalijua hilo tangu utotoni. Kwenye taarab, mwanamke akiinuka kumtuza mwimbaji katika ubeti fulani, ukumbi mzima hugeuza shingo kumtafuta anayepigwa kijembe. Jina la nini?

Rafiki yangu hakulijua hilo, au ndivyo anavyodai. Yeye ni Mkenya wa bara, na tulikuwa tukiishi pamoja Alexandria, huku Marekani, vyumba viwili na jiko moja. Sote tulihudumia wazee, ila yeye alikuwa pia akisomea ushauri nasaha chuoni, na kila alichofundishwa alikijaribu kwangu. Aliniambia akili ya binadamu ina chumba cha ndani ambacho hata mwenyewe hana ufunguo wake. Yaliyofungiwa humo huchungulia dirishani: kwenye ndoto, kwenye ulimi unaoteleza, kwenye wimbo unaouimba bila kujua.

"Kama ule wako wa kwa sinki," akasema.

Ulikuwa wimbo wa bongo fleva. Kijana anamwambia mpenzi wake asije bado, nyumba haijaezekwa, mvua imekata barabara. Mimi nilikuwa nikiosha vyombo huku nikiimba kiitikio tu.

"Beti zote za mapenzi unaziruka, unashika tu hapo kwa 'usije bado.' Hiyo ni unconscious yako inaongea. Ni nani hutaki akuje, dada?"

Nilicheka. Kisha nikalia, sufuria mkononi. Binti yangu nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu. Sasa ana kumi na moja, na karatasi zake za kuja huku zilikuwa zikishughulikiwa. Nikamwambia rafiki yangu jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: siku nilipoarifiwa kwamba mahojiano yake ya viza yameahirishwa, nilipika pilau. Nilihisi nafuu. Namtaka mwanangu, lakini namwogopa. Ataniuliza miaka minane nilikuwa wapi, nami sina jibu la kumtosha mtoto.

Alinishika bega. "Hii inabaki hapa jikoni," akasema. Akanifundisha na hila moja ya darasani: usisikilize jibu la mtu, sikiliza kimya kilichotangulia jibu.

Miezi miwili baadaye alialikwa mji wa jirani, Columbia, kuzungumza juu ya afya ya akili, mbele ya kina mama wetu wanaokutana kila mwezi. Gauni lake nililipiga pasi mimi. Nilikaa safu ya mbele ili nimpe moyo. Alizungumza vizuri, simnyimi haki yake. Halafu akasema, "Kuna mama mmoja namjua, yeye huimba wimbo fulani akiosha vyombo," akaufungua wimbo kwenye simu yake na kuusogezea maikrofoni. Akakieleza kiitikio. Akaeleza na mtoto aliyeachwa. Akaeleza mpaka pilau.

Mle ndani mlikuwa na wanawake wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja. Shingo zikageuka. Aliyekaa nyuma yangu akaguna, "Mmh, makubwa." Mimi nilikodolea macho sahani yangu ya kaimati.

Garini, tukirudi, nilimuuliza kwa nini.

"Lakini sikutaja jina yako! Na si umeona vile wamesaidika?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia. Mwisho wa mwezi nikahama. Nilimchukia, na bado namchukia, hasa siku zenye vyombo vingi.

Umbea hauombi viza. Ulifika Tanga kabla wiki ya mkutano ule haijaisha. Jumamosi nilipompigia mwanangu, alinipa shikamoo, lakini hakunisimulia ya shuleni kama kawaida yake.

"Mama, eti ni kweli hutaki nije?"

"Nataka," nikasema. "Nataka sana, mwanangu."

Lakini kabla ya jibu hilo nilivuta pumzi kwanza. Haikuwa ndefu. Mwanangu akasema, "Haya, mama," akampa bibi yake simu.