Mado na chumvi isiyotakiwa kupoa

Mvua inanyesha Kabambare tangu asubuhi, na Mado hajakaa chini. Anaingia kwenye kibanda cha bati nyuma ya kituo cha afya, anatazama kioo kidogo, anatoka kuangalia mawingu, anaingia tena. Namba kwenye kioo zinashuka. Ni joto la chumvi.

Ndani ya kabati la chuma mna betri ambayo haina maji ya asidi bali chumvi iliyoyeyuka, yenye joto linalozidi nyuzi mia mbili na hamsini. Paneli za juu ya paa huijaza mchana, nayo huwasha taa za wodi ya wazazi na friji ya chanjo. Ikikosa jua, hula umeme wake yenyewe ili isipoe. Ikipoa, chumvi huganda na taa huzimika.

"Ni kama chupa ya mawese," anasema Mado, mjane wa miaka arobaini na mitatu anayeitunza betri hiyo. "Asubuhi ya baridi unaigeuza, hakuna kitu kinatoka. Mafuta iko ndani, lakini imekuwa jiwe. Lazima uipashe polepole."

Leo ameshawakatia umeme vijana wanaochaji simu ukutani, na kwaya inayotumia umeme huohuo imeambiwa ifanye mazoezi bila spika. Wamenuna. Wacha wanune, kinachomkosesha Mado raha kiko Kasongo.

Binti yake, Estelle, anakaribia kujifungua huko mtoto wake wa kwanza. Kwao, mama ndiye humkanda binti yake kwa maji ya moto na kumwogesha mjukuu hadi kitovu kidondoke. Asipotokea, binti atakandwa na watu wa ukweni, na maneno hayataisha. Pikipiki imeshapatikana. Mado anaogopa kuondoka.

Ana sababu. Alipokwenda kwenye kilio Nyangwe, alimwachia betri shemeji yake, Blaise, aliyezeekea kwenye jenereta za wachimba dhahabu wa Salamabila. Blaise hakuzembea. Alifanya kile ambacho fundi yeyote wa jenereta, au grupe kama wanavyoiita huku, angefanya: alisikia mashine ina moto, akaizima ipumzike.

"Mutu akitumika, anapumuzika," anajitetea, akikwepa macho ya shemeji yake. "Grupe ukiilazimisha na moto vile, inakufa. Mi nilifikiri naihurumia."

Chumvi iliganda. Ilibidi jenereta ya kuazima ingurume siku kadhaa kuipasha upya, na muuguzi Dorothée akazalisha kwa tochi ya simu.

"Mutoto alitoka muzuri," anasema Dorothée. "Lakini sitaki kurudilia ile."

Mvua inapokatika, Blaise anaingia kibandani bila kuitwa. Anachomoa ufunguo wa swichi ya kipashio, kifaa kinachoipa chumvi joto, swichi yenyewe ikibaki imewashwa, anaufuta kwa shati na kumkabidhi Mado.

"Mama Estelle, beba hii. Hata huruma ikinishika, sitakuwa na kitu ya kuizimia."

Mado anaugeuzageuza mkononi. Anamhoji tena, kama mwalimu asiyeamini. Mawingu yakija, utakata nini kwanza? Simu. Halafu? Spika. Na joto?

"Sigusi."

Akirudi anataka kumfundisha Dorothée pia, pamoja na mtu mwingine wa kituo. "Kazi inayojulikana na mutu mumoja ni kifungo," anasema, akiufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge. "Nataka siku moja niende kwa mutoto yangu bila kugeuka nyuma."

Siku hiyo bado haijafika. Anapanda pikipiki, na kabla hawajafika hata barabarani anamsimamisha dereva na kupaza sauti: namba inasema nini?

Kibandani, Blaise anainamia kioo. Jua dhaifu limeangukia paneli.

"Imeanza kupanda," Blaise anajibu.

Mado anaguna, anamgusa dereva begani. "Twende basi. Maji ya mutoto yasipoe."