Besi ya Mjukuu Wangu Katika Nyumba ya Eda

Mjukuu wangu asomea muziki Polandi. Hupiga besi, lile fidla kubwa la kusimamisha, linalompita yeye kimo. Babu yake alipokufa, hakuwahi. Kwetu maiti haingoji: alikufa asubuhi, laasiri ashazikwa. Mtoto alilia kwenye simu hata sikumwelewa. Mimi sikulia. Waliokuja tanzia nawakumbuka wote, majina yao na ya mama zao, na nani alikaa wapi mkekani. Nafsi yangu ndiyo siikumbuki ilikuwa wapi.

Mwezi wa pili wa eda, nimo ndani na nguo zangu nyeupe, akapiga simu.

"Bibi, mimi sikumzika babu. Juzi chuoni tumepiga simfoni ya mtunzi wa huku, wa siku hizi. Nimempigia yeye, moyoni mwangu. Nakutumia. Nisikilize, kisha uniambie kama umenisikia."

Wifi yangu, aliyekuwa akikaa nami eda nzima, akaruka.

"Ngoma nyumba ya eda! Majirani watatuchekaje?"

"Nimemuahidi mtoto."

"Haya, ngoja nifunge madirisha. Utatufukuzisha Mji wa Kale uzeeni."

Tukaiweka simu kitandani kwa marehemu, tukaketi. Kimya. Nje niliwasikia wanaowatembeza wageni wakiwaita waende Ngomeni. Kwenye simu dakika zakwenda, sauti hamna. Wifi akatega sikio.

"Simu yako imekufa hini."

Kisha uso ukamlegea.

"La! Mtoto ajua kuna eda. Katuma kimya. Wallahi huyu ana adabu kutupita sisi."

Akaanza kusoma Yasini, kumsomea ndugu yake. Nikamfuata. Hatujafika katikati, fidla zikaanza kutoka, nyembamba, kama zatoka chumba cha pili. Tukasoma hadi mwisho. Baadaye mwanamke akaimba kwa lugha yao, polepole. Wifi hakuniambia niizime. Alikuwa akilia.

"Huyu yuwamlilia mwanawe," akasema.

"Wajuaje?"

"Kwani mama hufichika?"

Mimi nilitazama ukuta. Rangi imebambuka pale marehemu alipokuwa akiegemeza kichwa akivaa viatu. Nilitazama tu.

Simu ikalia.

"Bibi, ulinisikia? Ule mwanzo, kabla ya fidla kuingia, ni sisi wa besi peke yetu."

Kumbe kile kimya ndicho yeye. Kisimu changu hakikuweza kuibeba sauti nzito ile. Wifi naye alikuwa ameyasikia maneno ya mtoto; akanitumbulia macho, mkono mdomoni.

"Wewe ulipokuwa ukipiga," nikamwambia, "sisi tulikuwa tukimsomea babu yako Yasini."

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Basi nami nimemzika, Bibi."

"Umemzika, mwanangu."

Wifi akaenda kufungua madirisha.